Kuta Tamu za Pambani

Jinsi nilivyofika Pambani haina maana, na sitaki mtu mwingine aijue njia. Naitwa Saguti. Kwa kazi ni fundi wa redio, kwa kuzaliwa ni mlafi, na nchi yoyote ninayoikanyaga huijua kwanza kwa sahani zake, kisha kwa picha zake. Pambani ilinipa vyote viwili kwa wingi, nami nikaondoka na hasira ambayo mpaka leo haijanitoka.

Mgeni wa Pambani huona kuta kwanza. Ukuta wa posta umechorwa samaki wa kuchoma mrefu kama basi, ngozi imepasuka, nyama nyeupe inafuka moshi. Ukuta wa shule una sinia la wali, na kila punje imechorwa peke yake. Pale barabara kuu zinapokutana pana sanamu ya saruji ya kuku mzima aliyelala ndani ya mchuzi, na mchuzi umepakwa vanishi hata unang'aa jua likiupiga. Nimeona miji yenye sanamu za majenerali, na mingine yenye sanamu za farasi wao. Mji unaoheshimu mchuzi nilikuwa sijauona, na nikasema moyoni kwamba hawa ndio watu wangu.

Saa saba mchana watu wakatoka kazini, wakaketi kivulini chini ya zile kuta na kufungua vikopo vyao. Wote walikuwa na uji. Uji mweupe, mwepesi, usio na chumvi wala sukari. Chini ya yule samaki waliketi wanaume kumi na wawili wa posta, wakawa wanakunywa huku wameukodolea macho mkia wake. Nilidhani mji mzima umepatwa na ugonjwa wa tumbo.

Serikali ilinipa mwenyeji, Bwana Kilongola wa Idara ya Tunu, mtu nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni. Alinipeleka Nyumba ya Wageni, nikaandaliwa yule samaki wa posta, ule wali wa shule na yule kuku wa barabarani, safari hii katika sahani. Nilikula kama mtu aliyetoka jela. Ladha ilikuwepo, ila ilikuwa ladha ya mpishi anayesoma kwenye karatasi.

"Na wenyeji?" nilimuuliza. "Mbona nimewaona na uji tu?"

"Wenyeji wanakunywa uji."

"Na samaki?"

"Samaki, wao wanamtazama," akasema Bwana Kilongola. "Saa yoyote, siku yoyote. Hatujawahi kumzuia mtu kutazama."

Ningepaswa kuuliza zaidi. Lakini kinywa kilikuwa kimejaa paja la kuku, na mlafi hana swali la pili. Kabla hajaondoka alinikabidhi kitabu cha jalada la kijani. "Hiki ni Kitabu cha Wageni," akasema. "Ukila kitu kikakugusa moyo, andika. Sisi tunaamini methali yetu: mgeni njoo, mwenyeji apone."

Siku ya tatu nilichoka na chakula cha karatasi, nikafuata pua yangu. Ilinipeleka nyuma ya soko la mbao, kwenye kibanda cha mabati ambamo mwanamke wa makamo alikuwa anapondaponda chakula ndani ya chungu kikubwa kwa mwiko. Huyo alikuwa Bi Siwatu. Mbele yake walikuwa wamepanga foleni wabeba mbao, wauguzi wawili wa zahanati na karani mmoja mwenye tai, kila mmoja na bakuli lake.

Yule wa kwanza alikula, akakomba bakuli kwa kidole, akalirudisha na kusema, "Hakifai leo."

"Najua," akajibu Bi Siwatu. "Njoo kesho."

Muuguzi akakomba lake. "Jana kilikuwa takataka, leo kimezidi."

"Najua. Njoo kesho."

Karani mwenye tai alilamba mpaka ukingo, akafuta machozi ya pilipili, akasema kwa huzuni kwamba tangu azaliwe hajala kitu kibaya namna ile, na kwamba mkewe atakuja jioni kukichukia vilevile. Nikajua nimefika mahali penye adabu mbovu. Sikujua bado kwamba nimefika mahali penye hofu.

Zamu yangu ikafika. Chakula chenyewe kinaitwa mbonyeo: ndizi mbichi na kunde zilizochemshwa pamoja, zikapondwa na karanga za kukaanga, juu yake kijiko cha ndimu ya kuloweka. Maelezo ya kawaida kabisa. Lakini mkono wa Bi Siwatu haukuwa wa kawaida. Zile karanga zilikuwa zimeachwa jikoni mpaka dakika ya mwisho kabla hazijaharibika, na zilitia ladha ya moshi kwa mbali, ile ya jikoni kwa mama mvua ikinyesha. Nilikula mabakuli matatu. Kisha nikasema kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Bi Siwatu, hiki ni kitamu."

 Mbeba mbao mmoja akaweka bakuli chini na kutazama barabarani.

"Mgeni," akasema Bi Siwatu polepole, "ukishakula, funga mdomo uende zako."

Hakuniambia nije kesho. Nilidhani ni unyenyekevu wa wapishi. Nikarudi Nyumba ya Wageni, nikafungua kile kitabu cha kijani na kuandika ukurasa mzima kwa mwandiko wangu bora, na ile ladha ya moshi kwa mbali nikaitaja mara mbili. Bwana Kilongola aliusoma akiwa amesimama. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Baada ya siku mbili nilirudi kibandani, nikakuta ukuta wa ghala linalotazamana nacho unapakwa chokaa. Aliyekuwa anapaka ni Fundi Lukwaro, mchoraji wa kuta za mji. Watu wa foleni walisimama wanamtazama na hakuna aliyemsalimu.

"Unachora nini hapa?" nikamuuliza.

"Mbonyeo," akasema bila kugeuka. "Kuna mgeni kausifu kwa maandishi."

"Ni mimi."

Hapo akageuka, akaniangalia kuanzia viatu mpaka kofia, akaweka brashi kwenye ndoo. Ndipo akanieleza sheria ambayo Bwana Kilongola hakunieleza. Pambani chakula kikisifiwa na mgeni kwa maandishi huwa Tunu ya Taifa. Kikishakuwa Tunu, mwenyeji haruhusiwi kukipika wala kukila, kwa sababu, kwa maneno ya sheria yenyewe, kilichozoeleka midomoni hakina heshima. Chungu chake hubebwa na Idara. Namna ya kukipika huandikwa kwenye karatasi, wageni hupikiwa kwa karatasi hiyo, nao waliokuwa wakikila huchorewa picha mahali palepale walipokuwa wakikilia. Ndiyo maana watu wa Pambani hukitukana kila wanachokipenda. Hakuna mtu aliyetamka neno "kitamu" hadharani kwa miaka arobaini, isipokuwa kwa uji.

"Nimechora vyakula thelathini na kimoja," akasema Lukwaro. "Nimeonja vinne. Yule samaki wa posta sijawahi kumtia mdomoni. Mgeni aliandika kwamba ngozi yake inapasuka, basi nikaipasua. Lakini mbonyeo nimeula tangu sina meno. Huu nitauchora kwa kumbukumbu, na laana yake ikufuate wewe, kaka, isinifuate mimi."

Nilitaka ardhi inimeze. Siku zote hizo nilikuwa nimezunguka mji ule nikisifia kuta zake, kumbe nasifia orodha ya vitu watu walivyopokonywa.

Bi Siwatu hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alinikaribisha nyuma ya kibanda, kwenye chumba alichoishi na mama yake, Bi Nyamizi. Bibi yule alikuwa haoni na hana jino hata moja. Alikaa kitandani, bakuli mapajani, anakula mbonyeo taratibu.

"Yeye ndiye aliyenifundisha," Bi Siwatu akaninong'oneza. "Uji unamtapisha. Ni hiki tu kinachokaa tumboni. Wakikichukua Alhamisi, mama atakula nini Ijumaa?"

Nikauliza kama hakuna njia. Ilikuwepo moja. Kabla chakula hakijatangazwa Tunu, sharti kipikwe mbele ya Baraza la Tunu. Baraza likikiona kibaya, sifa ya mgeni inafutwa.

"Basi kiunguze," nikasema.

Bi Siwatu alinitazama kana kwamba nimemwambia amtupe mtoto. "Tangu nishike mwiko sijaunguza chungu," akasema. "Hata siku ya msiba wa mume wangu sikuunguza."

"Mara moja tu, Bi Siwatu."

Akamtazama mama yake. "Mama asijue," akasema mwishowe.

Alhamisi Baraza lilikaa katika ukumbi wa juu, wajumbe tisa na Mwenyekiti wao, Mheshimiwa Sikujua, mama mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kuonekana. Mimi nilisimama kwanza. Nikasema nimekosea, siku ile nilikuwa na njaa, na mwenye njaa hana ulimi wa kutoa hukumu, naomba ukurasa wangu uchanwe.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema Mwenyekiti. "Na mgeni akijishusha ni adabu. Karani, andika kwamba mgeni ana adabu."

Halafu wakajadili picha. Nilikuwepo na naapa nisemayo. Kwa muda wa saa moja na robo Baraza la Tunu lilijadili kama moshi wa chungu uelekee kulia au kushoto. Mjumbe mmoja alisema kulia, kwa sababu upepo wa sokoni hutoka kushoto. Mwingine akasema moshi wa taifa haufuati upepo. Walipiga kura mara mbili. Nilinyanyua mkono nikauliza watu wa soko la mbao watakula nini, na Mwenyekiti akanieleza kwa upole kwamba hoja iliyoko mezani ni moshi.

Wakati huo Bi Siwatu alikuwa ukumbini na jiko lake, anaunguza. Nilimwona. Aliondoa kunde kabla hazijaiva. Aliziacha karanga mpaka zikawa makaa. Chungu kilipoanza kushika upande mmoja, mkono wake ulinyoosha mwiko wenyewe, kwa mazoea, na mkono wa pili ukaukamata na kuurudisha chini. Jasho lilimtiririka. Watumishi wakamgawia kila mjumbe bakuli, na harufu ya kuungua ikajaa ukumbi mzima.

Wajumbe walikula. Kila mmoja alimsubiri mwenzake. Mwishowe mjumbe wa moshi wa kulia akakohoa. "Kuna uchungu fulani," akasema.

"Mgeni ameandika nini kuhusu uchungu?" Mwenyekiti akauliza.

Karani wa Baraza akafunua kitabu cha kijani. "Ameandika: ladha ya moshi kwa mbali. Mara mbili."

"Basi ndio huo."

"Ndio huo," wakaitikia. Mara wote wakauona. Mmoja aliuona moshi mpaka kwenye kunde mbichi. Mwingine akasema amekumbuka utoto wake. Nilipiga kelele kwamba chakula kimeungua, kwamba mtu yeyote mwenye pua anajua kimeungua, na askari wa mlangoni akanishika bega kwa heshima zote. Watu tisa wazima walimeza makaa kwa sababu karatasi iliwaambia ni matamu. Hasira ile sina pa kuitua, ndiyo maana nimeileta hapa.

Karani akasoma kwa sauti namna ya kupika kama alivyoishuhudia: kunde ziondolewe zikiwa bado ngumu, karanga ziwe nyeusi, chungu kiungue upande mmoja; na chini ya picha liandikwe jina la mpishi. Nikamwona Bi Siwatu akiinua kichwa.

"Mheshimiwa," akasema, "na kikipikwa bila kuungua?"

"Hicho si mbonyeo, mama."

"Na kunde zikiiva?"

Mwenyekiti akavua miwani ya kuonekana. "Mama, usituchafulie Tunu. Chakula chochote kinyume na karatasi hii si mbonyeo, na Baraza halina habari nacho. Hicho wapikie watu wako."

Bi Siwatu akainama, akasema ahsante. Ilinichukua hatua kumi nje ya ukumbi kuelewa kilichotokea: wameondoka na makaa, wametuachia chakula. Nilitaka kucheka. Nilipomgeukia nikaona analia.

"Bibi yuko salama," nikamwambia. "Ijumaa atakula."

"Atakula," akasema. "Lakini umesikia wanataka kuandika jina la nani ukutani?"

Jumamosi wakafanya sherehe mbele ya ukuta wa ghala. Lukwaro alikuwa amemaliza: Bi Siwatu mrefu kupita paa, anacheka, ameshika chungu ambacho upande mmoja ni mweusi tii. Lukwaro alikuwa ameambiwa afiche ule weusi kwa moshi, naye akauacha. Chini kwa herufi kubwa imeandikwa: MBONYEO. MKONO WA SIWATU BINTI NYAMIZI.

Bwana Kilongola alitangaza kwamba kijiko cha mwisho kitaliwa na mwenyeji, na heshima hiyo ni ya mama aliyekianzisha. Bi Siwatu alimfuata, akamwomba kwa sauti ya chini amwache mama yake alale, ni mzee, jua ni kali. Walikuwa wamekwisha kumbeba. Walimketisha kitini chini ya picha ya binti yake asiyoweza kuiona, wakamtilia kijiko cha Tunu mdomoni, umati mzima ukitazama.

Bi Nyamizi alitafuna kwa fizi. Akaacha kutafuna. Nilimwona akinyoosha shingo, ananusa kumtafuta mwanawe.

"Siwatu," akaita. "Ni wewe umepika hiki?"

Bi Siwatu alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Angeweza kusema ni wapishi wa Idara. "Ni mimi, mama," akasema. "Nisamehe."

Bibi akamgeuzia uso yule binti, kisha akaugeuzia kule ziliko sauti za wakubwa, kisha kwetu. Akameza. Naamini alimeza pamoja na mambo mengine mengi. Akapaza sauti, nayo ilikuwa kubwa kuliko mwili wake.

"Kitamu," akasema. "Kichukueni."

Wakubwa wakapiga makofi. Bwana Kilongola alisema hajawahi kusikia mwenyeji akisifu Tunu kwa moyo mkunjufu kiasi hicho, na akataka neno lile liandikwe. Upande wetu hakuna aliyepiga makofi. Yule karani mwenye tai alivua kofia. Wabeba mbao mmoja baada ya mwingine wakavua zao, na Bi Siwatu akafunika uso kwa kanga.

Waliniletea kitabu cha kijani. Niliandika kurasa mbili. Nilisifu makaa, nilisifu ugumu wa kunde, nikaiomba serikali ya Pambani isiruhusu kubadilishwa hata chembe moja kwa miaka mia. Kati ya yote niliyowahi kuandika, hayo tu ndiyo ninayoona yalimsaidia mtu.

Asubuhi ya kuondoka nilipita kibandani. Chungu cha zamani kilikuwa kimekwenda na Idara. Bi Siwatu alikuwa anapika kwenye sufuria, ameupa mgongo ukuta. Alikuwa amehamisha hata kigoda ili asiuone. Chini ya ukuta huo wageni wengine walikuwa tayari wanaletwa kupiga picha.

"Nimeomba walifute jina, wamekataa," akasema. "Wajukuu wa watu hawa watasema, palikuwa na mpishi hapa akiitwa Siwatu, alikuwa anaunguza."

Sikumwambia kwamba haitakuwa hivyo. Itakuwa hivyo, na aliyesababisha ni mimi.

"Nani huyo?" Bi Nyamizi akauliza kutoka chumbani.

"Yule mgeni, mama."

"Yule mwenye mdomo?"

"Ndiye."

"Mpe ale. Akimaliza, tumsikie."

Nilikula nimesimama. Sufuria ilikuwa imepunguza ladha kidogo, na kilichobaki kilikuwa bado kinashinda samaki wa posta na wali wa shule. Nilikomba bakuli kwa kidole. 

"Hakifai, bibi," nikasema.

"Humu ndani wa Idara hawakusikii," akajibu. "Toka nje useme."

Nikatoka mlangoni, nikauelekea ule ukuta na wageni waliosimama chini yake na vitabu vyao vya kijani. Nikapaza sauti mpaka ikakwaruza. Nikasema chakula cha mama huyu hakifai, kwamba nimezunguka nchi nyingi na sijakutana na balaa kama hili, kwamba mtu yeyote mwenye kujipenda asikanyage nyuma ya soko la mbao. Wageni wakafunga vitabu vyao na kuondoka haraka. Wabeba mbao wakasogea na mabakuli.

"Najua," akasema Bi Siwatu nyuma yangu. "Njoo kesho."